Mhandisi wa algoridhimu za kwantumu anafanya nini hasa kazini?

Swali: Shikamoo. Nina shahada ya kwanza ya fizikia na hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sasa naandika programu kwenye benki moja hapa mjini. Naona matangazo ya kazi ya mhandisi wa algoridhimu za kwantumu kwenye maabara za utafiti za makampuni ya nje. Mtu huyu anafanya nini siku nzima, wakati kompyuta zenyewe bado hazijakamilika? Ni lazima niwe na shahada ya uzamivu? Na je, niache kazi niisomee fani hii moja kwa moja, au ni kelele za soko tu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile la mwisho, maana ndilo linaloweza kukugharimu: usiandike barua ya kuacha kazi. Fani ni ya kweli, watu wanalipwa kuifanya, nami ni mmoja wao katika maabara ya utafiti ya kampuni huko Munich. Lakini maandalizi yake ni ya miaka, na sehemu nzuri ya maandalizi hayo unaweza kuyafanya huku unapokea mshahara. Nitafika huko. Kwanza tuiangalie kazi yenyewe, kwa sababu matangazo huieleza kijuujuu.

Tangazo litakwambia "kubuni algoridhimu mpya." Wapo wanaobuni, na ni jambo la fahari. Ila ukikaa na sisi wiki nzima utakuta swali linaloulizwa asubuhi hadi jioni ni hili: tatizo fulani likipelekwa kwenye kompyuta ya kwantumu iliyokamilika, litahitaji kyubiti ngapi (kyubiti ni kwa kompyuta ya kwantumu kama biti ilivyo kwa ya kawaida), mageti mangapi, yaani hatua ndogondogo za hesabu, na muda gani? Na swali pacha lake: je, kompyuta ya kawaida, ikishikwa na mtu anayeijua vizuri, itashindwa kweli? Hilo la pili ndilo linalokula muda wetu mwingi. Sisi ni watu wa kukadiria gharama, na tunaishi kwa kutafuta mahali ambapo gharama ya kwantumu inashuka chini ya ile ya kawaida.

Wewe una fizikia, kwa hiyo msingi nitaupitia haraka kwa ajili ya wasomaji wengine. Hali ya kyubiti n ni vekta yenye namba changamano 2 kwa kipeo cha n. Kyubiti 30 ukiziiga kwenye kompyuta ya kawaida, kwa baiti 16 kila namba, unahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 17 hivi. Kompyuta nzuri ya mezani inabeba. Kyubiti 40 ni terabaiti 17 na zaidi. Kyubiti 50 ni petabaiti 18. Watu wakisikia hivyo hudhani kompyuta ya kwantumu inajaribu majibu yote kwa pamoja na kukuchagulia lililo bora. Sivyo. Ukipima unapata jibu moja, tena kwa bahati. Algoridhimu ni ufundi wa kupanga mawimbi ili majibu mabaya yafutane na mazuri yaimarishane kabla hujapima, na matatizo yenye umbo linaloruhusu hilo ni machache. Uigaji wa maada yenyewe ni mojawapo, kama Richard Feynman alivyopendekeza mwaka 1981. Kutafuta vigawo vya namba kubwa ni jingine, alilolionyesha Peter Shor mwaka 1994 akiwa Bell Labs. Miaka miwili baadaye, hapo hapo Bell Labs, Lov Grover akatoa algoridhimu yake ya kutafuta.

Hiyo ya Grover nitaitumia kukuonyesha kazi kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayotajwa sana mbele ya wateja wa benki, usafirishaji na bima. Chukua kalamu.

Tuseme una majibu yanayowezekana trilioni 1 na moja tu ndilo sahihi. Kukagua jibu moja kunahitaji hatua za mantiki 10,000. Kompyuta ya mezani yenye programu iliyoandikwa vizuri ikague majibu milioni 10 kwa sekunde. Itamaliza orodha nzima kwa sekunde 100,000, yaani kama saa 28. Grover hahitaji ukaguzi trilioni 1. Anahitaji idadi inayokwenda na kipeuo chake cha pili, kwa hesabu kamili takriban 785,000. Kutoka trilioni hadi laki nane kasoro! Mawasilisho mengi huishia hapo, watu wakapiga makofi.

Mhandisi anaendelea kuhesabu. Kyubiti halisi zina makosa, kwa hiyo hesabu ndefu lazima ifanyike kwa usahihishaji wa makosa, ambapo mamia hadi elfu na zaidi ya kyubiti halisi zinaungana kubeba kyubiti moja ya kuaminika. Usahihishaji huo una muda wake. Kwa mashine za saketi zilizopozwa hadi karibu na sifuri kabisa, makadirio ya kawaida ni kwamba geti moja la Toffoli, lile ambalo hatua za mantiki hujengwa nalo, litachukua maikrosekunde kama 100. Hatua 10,000 zikifuatana ni sekunde 1 nzima kwa ukaguzi mmoja. Kaguzi 785,000 ni sekunde 785,000. Hizo ni siku 9. Kompyuta ya mezani ilishamaliza tangu siku ya pili.

Sasa uliza: orodha ikiwa kubwa kiasi gani ndipo kwantumu inashinda? Ukilinganisha milinganyo miwili utaona zinakutana orodha ikifika majibu trilioni 62 hivi, na muda wa kila upande ni siku 71. Hapo si pabaya sana. Lakini hakuna mtu anayefanya kazi ya siku 71 kwa kompyuta moja ya mezani. Mpe mwenzako kompyuta 1,000, jambo la kawaida kabisa kwenye kituo cha data, na sehemu ya kukutana inasogea hadi muda wa miaka 195. Kazi ya Grover haigawanyiki vizuri kwa mashine nyingi: ukimpa mashine 1,000 za kwantumu unapata kasi mara 32 tu, siyo mara 1,000.

Namba hizo nimezichagua mimi ili zihesabike kwa mkono, ila umbo la hoja ndilo hilo hilo walilolichapisha Ryan Babbush na wenzake wa Google mwaka 2021: kwa mashine tunazoweza kuzifikiria, faida ya kipeuo cha pili peke yake haitoshi, tafuteni matatizo yenye faida kubwa zaidi. Ukiweza kufanya hesabu hii mwenyewe, kwa tatizo ambalo hukuliona kitabuni, na ukajua kila dhana imetoka wapi, umeshaigusa kazi.

Na kuna siku kazi hiyo inaishia kwa kumrudisha mteja. Kampuni moja ya usambazaji ilituletea tatizo lao la kupanga njia za malori, wakiwa wameambiwa na washauri wao kwamba hili ni la kwantumu. Tulikaa na data yao, tukaliandika upya vizuri, tukalitia kwenye programu huria ya kutafuta suluhisho bora kwenye kompyuta ya kawaida. Jibu likatoka kabla kikao hakijaisha, bora kuliko walilokuwa wakilitumia. Waliondoka na programu hiyo, nasi tukaandika ripoti kwamba hapa hakuna kazi ya kwantumu. Maabara inayojiheshimu inaihesabu ripoti kama hiyo kuwa matunda. Ukienda kwenye usaili, uliza kama wamewahi kuandika moja. Jibu lao litakueleza mengi kuhusu mahali hapo.

Usidhani basi kazi yetu ni kuvunja watu moyo. Upande wa pili ndio unaonifanya nisilale mapema. Angalia historia ya kuvunja RSA, usimbaji unaolinda mawasiliano na unaotegemea ugumu wa kutafuta vigawo vya namba kubwa, ya biti 2,048 au za ukubwa wa karibu na hapo. Mwaka 2012 Austin Fowler na wenzake walikadiria kwamba ingehitaji kyubiti halisi kama bilioni 1 na siku nzima. Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå wakaishusha hadi kyubiti milioni 20 na saa 8. Mei 2025 Gidney akachapisha makadirio ya chini ya kyubiti milioni 1, kwa muda usiofika wiki. Ubora wa kyubiti uliodhaniwa katika makadirio hayo mawili ya mwisho ni ule ule: kosa moja katika kila mageti elfu. Idadi ya kyubiti ilishuka mara 20 kwa watu kukaa chini na kufikiri upya namna ya kuzidisha namba, namna ya kupanga kyubiti zilizopumzika, namna ya kutengeneza zile hali maalumu ambazo mageti ya gharama huzitumia.

Mageti ya gharama ni yapi? Katika njia ya usahihishaji inayotumika zaidi kwenye makadirio haya, ile ya msimbo wa uso, mageti mengi ni rahisi. Geti linaloitwa T ni ghali, kwa sababu kila moja linahitaji hali maalumu iliyosafishwa pembeni, kwenye eneo la kyubiti ambalo kazi yake ni kusafisha tu. Ndiyo maana tunahesabu mageti ya T jinsi mhasibu anavyohesabu shilingi. Mwaka 2018 Gidney huyo huyo alionyesha kwamba kujumlisha namba mbili za biti n kunawezekana kwa mageti ya T 4n badala ya 8n. Kujumlisha tu! Kitu cha darasa la pili, na bado kilikuwa kinagharimu mara mbili ya inavyostahili. Siri ilikuwa kwamba baadhi ya thamani za muda zinaweza kufutwa kwa kupima na kusahihisha, badala ya kulipia mageti ya kuzirudisha nyuma. Jumlisho limo ndani ya kila kitu, kwa hiyo nusu hiyo ikaenea kwenye makala nyingi zilizofuata. Mimi nikiulizwa mfano wa kazi safi ya mhandisi wa algoridhimu, hutaja huo.

Mfano mwingine ni wa kemia, na unatugusa sisi watu wa kilimo. Bakteria walio kwenye mizizi ya kunde na maharage huichukua naitrojeni ya hewa na kuigeuza kuwa chakula cha mmea kwenye joto la kawaida la udongo. Viwanda vya mbolea hufanya jambo hilo hilo kwa njia ya Haber na Bosch, kwa joto la mamia ya nyuzi na mgandamizo mkubwa mno. Ndani ya kimeng'enya cha bakteria kuna kishada cha chuma, salfa na molibdenamu kinachoitwa FeMoco, na elektroni zake zimefungamana kiasi kwamba mbinu za kawaida za kemia hupata taabu nazo. Mwaka 2017 Markus Reiher na wenzake walitoa makadirio ya kwanza ya kina ya kuhesabu nishati za kishada hicho kwa kompyuta ya kwantumu, na gharama ilikuwa ya kutisha. Kufikia 2021 Joonho Lee na wenzake wakawa wameishusha, kwa kuzipanga upya namba za mwingiliano wa elektroni, hadi kyubiti milioni 4 na muda usiofika siku 4. Tahadhari moja: kuujua muundo wa nishati wa FeMoco si sawa na kupata mbolea rahisi. Kuna mlolongo mrefu wa kemia baada ya hapo. Ukiona tangazo linaloruka kutoka kyubiti hadi mavuno shambani kwa sentensi moja, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Umeuliza kama ni kelele. Zipo nyingi. Mwaka 2019 Google walitangaza kwamba mashine yao ya Sycamore, kyubiti 53, ilifanya kwa sekunde 200 kazi ambayo kompyuta kubwa ingeifanya kwa miaka 10,000. IBM wakajibu kwamba ni siku mbili na nusu, na baadaye mbinu bora za uigaji zikaendelea kuipunguza. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchota namba za bahati, isiyo na matumizi. Mwaka 2023 IBM walichapisha jaribio la kyubiti 127 la kuiga sumaku. Ndani ya wiki chache makundi kadhaa yakaliiga kwa kompyuta za kawaida. Halafu kuna familia ya algoridhimu zilizobuniwa kwa ajili ya mashine hizi zenye makosa, VQE na QAOA, zote za mwaka 2014, ambapo saketi fupi hurekebishwa kidogokidogo na kompyuta ya kawaida. Zilizaa makala kwa maelfu. Mwaka 2018 Jarrod McClean na wenzake wakaonyesha kwamba kwa saketi nyingi za aina hiyo mteremko wa kufuata hupotea kadiri kyubiti zinavyoongezeka. Unabaki kwenye uwanda tambarare usiojua uelekee wapi. Maoni yangu, na si kila mtu kwenye fani anayakubali: usiijenge ajira yako juu ya hizo. Zijue, kwa sababu utaulizwa, lakini wekeza kwenye algoridhimu za mashine zinazosahihisha makosa.

Kinachonipa imani kwamba mashine hizo zitakuja ni matokeo ya Desemba 2024, mashine ya Willow ya Google yenye kyubiti 105. Walihifadhi kyubiti moja ya kuaminika kwa vipande vitatu vya ukubwa tofauti, na kila walipoongeza ukubwa, makosa yalipungua kwa zaidi ya nusu. Nadharia ilishalisema hilo tangu miaka ya 1990. Kuliona likitokea kwenye chuma ni jambo jingine kabisa, na nakumbuka tulivyopitisha grafu ile meza hadi meza.

Siku yenyewe ya kazi iko hivi. Asubuhi kuna makala mpya za usiku, na mmoja wetu huwa amechagua moja ya kuichambua. Tunaisoma tukiwinda gharama iliyofichwa. Mara nyingi imejificha kwenye kupakia data: mwandishi anaandika "tuseme tuna hali hii ya kwantumu," na kuitengeneza hali hiyo ndiko kunakokula faida yote. Algoridhimu ya Harrow, Hassidim na Lloyd ya mwaka 2009, ya kutatua mifumo ya milinganyo, ina mtego huo waziwazi: haraka sana ikiwa data imeshapakiwa, ikiwa matriksi ni ya tabia njema, na ikiwa hutaki kulisoma jibu lote, maana kulisoma lote kunarudisha gharama. Baada ya hapo ni kuandika programu, Python kwa wingi, kujenga saketi ndogo na kuiiga kuhakikisha inafanya tulichodai, kisha kuhesabu mageti yake kwa ukubwa halisi. Mchana unaweza kuwa na mkemia anayekueleza kwa nini swali ulilolichagua halimsaidii, na hiki ni kikao cha thamani kubwa kuliko vyote. Kuna kuandika makala, na kabla ya makala kuna mwanasheria wa hataza anayetaka kujua kipi ni kipya. Mashine halisi mimi huigusa mara chache, tena kupitia mtandao.

Umahiri ninaoupenda kuliko wote kwa mwenzangu wa kazi ni ule wa kuipigania kompyuta ya kawaida kwa moyo wote. Mfano ni Ewin Tang. Akiwa mwanafunzi kijana kwenye Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, alipewa na mwalimu wake Scott Aaronson kazi ya kuthibitisha kwamba algoridhimu fulani ya kwantumu ya kupendekeza bidhaa kwa wateja haiwezi kufikiwa na kompyuta za kawaida. Ilikuwa mojawapo ya tumaini kubwa la watu wa ujifunzaji wa mashine. Akajaribu, akajaribu, akagundua kwamba inafikiwa, na mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 18, akaandika algoridhimu ya kawaida inayofanya hivyo. Mbinu yake ikafuta faida iliyodaiwa kwenye algoridhimu nyingine kadhaa za aina hiyo. Fani ilipoteza tumaini, ikapata ukweli, na kila anayefanya kazi hii leo anatembea kwenye njia aliyoisafisha.

Sasa elimu. Nafasi nyingi za kundi la utafiti wa algoridhimu hudai uzamivu, na sitakudanganya kwamba ni urasimu tu. Uzamivu unakupa miaka ya kukaa na swali moja ambalo hakuna anayejua jibu lake, na ndiyo hali ya kazi yetu. Si lazima uwe wa "kwantumu" kwa jina. Nina wenzangu waliosomea kemia ya kinadharia, hisabati ya namba, sayansi ya kompyuta ya kinadharia. Wale wa kemia ndio wanaogombewa. Zipo pia nafasi za uhandisi wa programu kwenye makundi hayo hayo, za kujenga vitendea kazi vya kuhesabia gharama na kukusanyia saketi, ambazo mtu wa uzamili mwenye mkono mzuri wa programu huajiriwa. Kwa mtu aliyetoka benki akiandika programu zinazotumika kweli, huo ni mlango halisi. Wahandisi wetu wa aina hiyo huishia kuandika makala pamoja nasi.

Usianze kwa kufikiria Ulaya peke yake. Kigali kuna taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa msingi, EAIFR, tawi la ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, ambacho Abdus Salam alikianzisha mwaka 1964. Iko ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda na inafundisha fizikia hadi uzamivu. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, nayo ina kituo Kigali. Kusini, Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilikuwa cha kwanza Afrika kujiunga na mtandao wa kwantumu wa IBM, mwaka 2019. Uzamili mzuri wa fizikia ya maada au hisabati ya namba Kigali, pamoja na tasnifu yenye hesabu nzito za kompyuta, unakuweka kwenye foleni moja na mwombaji wa popote unapoomba uzamivu.

Na kabla ya hayo, jioni zako za Dar. Aljebra ya mstari irudie hadi thamani mahususi za matriksi zikae kichwani kama majina ya mitaa. Andika kiigizi chako mwenyewe cha kyubiti 20 kwa Python tupu, bila maktaba ya mtu. Vekta yake ni namba milioni 1 na ushei, laptopu yako inatosha kabisa. Weka ndani yake algoridhimu ya kukadiria awamu aliyoitoa Alexei Kitaev mwaka 1995, maana hiyo imejificha ndani ya Shor na ndani ya kemia yote niliyokutajia. Ikishakubali, ndipo uhamie Qiskit au Cirq au PennyLane, maktaba za kuandikia programu za kwantumu, ambazo ni huria. IBM wamekuwa wakiruhusu watu kutumia mashine zao halisi mtandaoni tangu 2016, mwanzo ikiwa na kyubiti 5. Ijaribu uone kelele za mashine kwa macho yako.

Kuna jambo la karibu zaidi ambalo hukuliuliza. Benki yako inatumia RSA na usimbaji wa mikunjo ya duaradufu (elliptic curves) kulinda mawasiliano, na zote mbili ndizo Shor anazozivunja. Agosti 2024 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya usimbaji vinavyokusudiwa kuhimili kompyuta za kwantumu: FIPS 203, 204 na 205. Mtu anayekusanya data iliyosimbwa leo anaweza kuiweka ghalani hadi mashine ifike, kwa hiyo taarifa zinazopaswa kubaki siri kwa miaka mingi ziko hatarini tangu sasa. Kila benki itapaswa kujua usimbaji wake uko wapi: kwenye seva, kwenye mashine za ATM, kwenye kadi, kwenye mikataba na kampuni za simu. Muulize mkuu wako wa usalama kama orodha hiyo ipo. Kama haipo, jitolee kuianza. Utajifunza upande wa Shor unaoonekana duniani, na utakuwa na kitu cha kuandika kwenye maombi ambacho wanafunzi wa vyuo vikubwa hawana.

Ukifika kwenye kuandika maombi, ya uzamili au ya kazi, usitume orodha ya kozi za mtandaoni. Tuma kazi moja. Chagua tatizo unalolijua kutoka benki au kutoka kwenye tasnifu yako, liandikie saketi, kisha kwenye ukurasa wa kwanza weka namba: kyubiti za kuaminika ngapi, mageti ya T mangapi, dhana gani ya makosa, muda gani. Chini yake weka muda wa programu bora ya kawaida uliyoweza kuiandika mwenyewe kwa tatizo lile lile. Kama programu ya kawaida imeshinda, iandike hivyo hivyo, na ueleze orodha ingekuwa kubwa kiasi gani ndipo ishindwe.